Bima ya Maisha ya Harold

Kila Pasaka, utotoni mwangu, tuliiona bahari ikipasuka. Mtaani kwetu Temeke nyumba yenye runinga ilikuwa moja, na mwenye nyumba, mzee mstaafu wa bandarini, aliwafungulia watoto mlango baada ya pilau. Tulikaa sakafuni tumebanana, wengine wananing'inia dirishani, tukimsubiri Musa anyanyue fimbo. Filamu ni ya mwaka 1956, ya Cecil B. DeMille, na Kiingereza chake wengi wetu hatukukielewa hata neno, lakini kila mtoto alijua ni wakati gani wa kunyamaza. Maji yakisimama kama kuta mbili, mke wa mzee alikuwa anasema "Mungu mkubwa" kila mwaka, kwa sauti ileile.

Nilikuwa mtu mzima, tena nimeshaanza kula mkate wangu kwenye filamu, nilipojua kwamba kabla kamera ya DeMille haijawashwa palikuwa na watu waliokaa na penseli kwenye studio ya Paramount wakiichora filamu ile picha baada ya picha. Mmoja wao aliitwa Harold Michelson. Ukikaa ukasoma majina ya filamu ile mwanzo mpaka mwisho, humkuti. Na mke wake, Lillian, humkuti kwenye filamu nyingi alizozitafutia ukweli wake. Wote wawili waliifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na ukijumlisha filamu zilizopita mikononi mwao unaweza kujaza kabati la kibanda umiza, lakini ukimuuliza mpenzi wa sinema wa kawaida atakuambia hajawahi kuwasikia.

Mimi ni mtu wa seti. Kwenye tamthilia na filamu zinazotengenezwa hapa Dar, mimi ndiye ninayetafuta meza, birika, pazia na kalenda ya ukutani, na ndiye ninayehakikisha kikombe kilichoshikwa kwa mkono wa kushoto asubuhi hakihamii wa kulia baada ya chakula cha mchana. Huu ni mwaka wa 13. Zipo kazi ambazo jina langu liliandikwa na zipo ambazo halikuandikwa, na hizo za pili ndizo nyingi. Rafiki yangu mhariri aliponiwekea kwenye kompyuta yake dokumentari ya Daniel Raim ya mwaka 2015 kuhusu Harold na Lillian, nilianza kuitazama nimesimama, mkoba begani, nikidhani nitaona dakika tano kisha niwahi daladala. Niliitazama yote. Nikaomba kuirudia, na daladala ya mwisho ikaniacha.

Harold alizaliwa New York mwaka 1920. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana, akapelekwa anga za Ulaya kama mwongoza njia na mlenga mabomu katika jeshi la anga la Marekani. Ni kazi ya kuitazama ardhi kutoka juu, kuona mito, reli na paa za nyumba zikiwa mistari tu, na kupiga hesabu kitu kikiachiwa hapa kitaangukia wapi. Najiuliza alikuwa anaota nini usiku baada ya vita. Ila nina hakika moja: mtu aliyefunzwa kusoma ramani huku roho yake na za wenzake zikitegemea usomaji huo hawezi tena kuitazama ramani kivivu. Na kazi yake kubwa ya baadaye ilitokana na ramani.

Hapa naomba nieleze polepole, kwa sababu hata wenzangu wa seti huwa wanadhani mchora storibodi, yaani michoro ya shoti kabla kamera haijawashwa, ni mtu mwenye kipaji cha kuchora tu. Seti inapotaka kujengwa, mbunifu anachora ramani ya chumba: kuta zipo wapi, mlango una upana gani, dari ina kimo gani. Mwongozaji akiitazama karatasi hiyo haoni filamu, anaona mistari. Harold alikuwa anaichukua karatasi hiyohiyo, anaweka nukta mahali ambapo kamera itasimama, anachagua lenzi, kisha anapima pembe. Lenzi ya milimita 50 kwenye filamu ya milimita 35 inaona takriban nyuzi 25 kwa upana. Ya milimita 25 inaona karibu mara mbili ya hapo. Ukizichora nyuzi hizo juu ya ramani kuanzia kwenye ile nukta, unajua papo hapo nini kitaingia kwenye fremu na nini kitabaki nje. Kutoka hapo, kwa rula na kanuni za mtazamo wa umbali, anazinyanyua kuta, anaiweka meza, anamsimamisha mtu mlangoni kwa kimo chake halisi.

Kwa hiyo mwongozaji aliyeupenda mchoro wa Harold alijua kwamba kamera ikiwekwa pale, na lenzi ile, picha itatoka vilevile. Alijua pia ni ukuta upi usijengwe kabisa. Nilipoelewa jambo hili nilikumbuka usiku mmoja ambapo tulipaka rangi vyumba vitatu mpaka alfajiri, vidole vimeganda kwa tina, halafu kesho yake kamera ikaona kona moja yenye ukubwa wa kitanda cha mtoto. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hatukuwa na mtu wa kuweka nukta kwenye ramani.

Mwaka 1963 ilitoka filamu ya Alfred Hitchcock ya ndege wanaowashambulia watu katika mji mdogo wa pwani huko California. Harold ndiye aliyechora storibodi zake. Ukiwa hujui ilivyotengenezwa, unaweza kufikiri kwamba ndege kwa asili yao hawapangiki, sasa mchoro wa nini? Ukweli ni kinyume kabisa. Shoti nyingi za filamu ile zilijengwa kwa matabaka: watoto wanapigwa picha wakikimbia siku moja, ndege wanapigwa picha peke yao siku nyingine, mandhari nyingine inachorwa kwa rangi juu ya kioo, kisha vyote vinaunganishwa kuwa picha moja. Anayewapiga picha kunguru hana watoto mbele yake, na mtoto anayepiga kelele hana kunguru. Kitu pekee kilicholiona shambulio zima kabla halijawapo kilikuwa karatasi. Kila fundi alikwenda na nakala yake, akaifanyia kazi sehemu yake, na sehemu zikakutana.

Miaka minne baadaye, kwenye filamu ya Mike Nichols kuhusu kijana aliyetoka chuoni akanaswa na mke wa rafiki wa baba yake, ipo shoti ambayo wengi wameiona hata kama hawajaiona filamu: kijana amesimama mbali, mikono hajui aiweke wapi, na mbele kabisa umepinda mguu wa yule mwanamke, kijana yumo ndani ya pembetatu ya mguu kama sungura kwenye mtego. Shoti ile imeigwa duniani kote. Imo kwenye michoro ya Harold.

Simnyang'anyi Nichols haki yake. Mwongozaji huletewa mawazo 100 na kazi yake ni kuyajua yale matano, na hilo nimeshuhudia watu wengi wakilishindwa. Lakini wanafunzi wa filamu wanapofundishwa shoti ile wanatajiwa jina moja tu, na mchoraji anabaki nje ya mlango. Ndivyo utaratibu wa studio ulivyokuwa. Mchora storibodi alikuwa mtu wa idara, michoro yake ilipita kwa mkuu wa idara ya sanaa ndipo imfikie mwongozaji, na filamu ikiisha mingi ilitupwa kama karatasi nyingine za ofisini. Baadaye Harold alipanda akawa mkuu wa sanaa yeye mwenyewe, akateuliwa kuwania Oscar mara mbili, kwa filamu ya kwanza ya Star Trek ya mwaka 1979 na kwa Terms of Endearment ya mwaka 1983. Hakuipata. Kwenye sanamu zote zilizotolewa kwa filamu alizozishika, hakuna hata moja iliyokwenda nyumbani kwake.

Nyumbani kwake kulikuwa na Lillian.

Lillian alizaliwa mwaka 1928 na akakulia Florida, kwenye vituo vya yatima na nyumba za watu. Kwa lugha yetu tungesema hana kwao, na neno hilo, anayelijua uzito wake anajua kwamba linamfuata mtu hadi kwenye posa. Lilimfuata. Harold alipompenda, familia ya Harold haikumtaka binti asiye na ukoo wa kuulizia. Kwa hiyo walikimbilia upande wa pili wa nchi, wakaoana mwaka 1947, wakaanza maisha Los Angeles bila mali na bila baraka za wakubwa. Wakapata watoto watatu wa kiume.

Wa kwanza alikuwa na usonji. Miaka ile ya 1950 na 1960, nadharia iliyotawala Marekani ilisema usonji unaletwa na mama: mama baridi, mama asiyempenda mtoto wake vya kutosha. Leo tunajua ni uongo, lakini Lillian aliambiwa hivyo usoni na watu waliosomea. Mwanamke aliyelelewa bila mama anaambiwa hajui kuwa mama. Nimezaa, na sehemu hiyo ya dokumentari bado siwezi kuitazama bila kusimamisha picha. Anaisimulia akiwa bibi, sauti haimtetemeki, na unaona kwamba hasira yake ilishageuka siku nyingi ikawa kitu kingine: hamu ya kujua mambo kwa ushahidi, kutokubali kwamba jambo ni kweli kwa sababu tu mwenye koti jeupe amelisema.

Mwaka 1961, watoto wakiwa wameanza kukua, alikwenda kujitolea kwenye maktaba ya utafiti ya studio ya Samuel Goldwyn. Kujitolea, bila mshahara. Msomaji asiyejua studio za zamani asifikirie maktaba ya kuazima riwaya. Hii ilikuwa maktaba ya kujibu maswali. Karne ya 18 mlango wa gereza ulifungwa kwa komeo gani? Barua ya mwaka fulani ilikunjwa vipi kabla bahasha hazijaenea? Mkunga wa kijijini alibeba nini kwenye kikapu? Mtu wa idara ya sanaa anauliza asubuhi na jioni anataka picha, kwa sababu fundi seremala yuko nje anasubiri. Lillian alijifunza kazi kwa mama aliyekuwa akiiendesha maktaba, na alikuwa na kile kipaji ambacho hakifundishiki, cha kujua kwamba jibu lingine halimo kitabuni.

Kwenye filamu ya Norman Jewison ya mwaka 1971 kuhusu familia ya Kiyahudi katika kijiji cha Urusi ya tsar, idara ya mavazi ilitaka kujua mabinti wa wakati ule walivaa nguo gani za ndani. Tafuta picha ya kitu hicho! Hakuna mpiga picha wa kijijini aliyethubutu. Lillian alikwenda mtaa wa Fairfax, mahali walipoishi Wayahudi wengi wazee wa Los Angeles, akakaa kwenye benchi na bibi waliokuwa wasichana zama zile, akawauliza. Wakamwambia. Ukapatikana hadi mshono wa nguo zile, na pindo lake lenye mawimbi, kwa sababu bibi walizishona wenyewe na mikono haisahau.

Na kwenye filamu ya mwaka 1983 ya Brian De Palma kuhusu mfanyabiashara wa kokeini huko Miami, alizungumza na watu waliokuwa ndani ya biashara yenyewe, akiwauliza maswali kwa adabu kama anavyowauliza wote. Ilifikia mahali akaalikwa apande ndege akajionee Amerika Kusini. Alitaka kwenda. Harold alikataa katakata, na nadhani ndiyo mara pekee ninayomsikia kwenye hadithi hii yote akimzuia mke wake jambo.

Maana mara nyingine zote alimwachia, na zaidi ya kumwachia. Mwaka 1969 maktaba ile ilifika mwisho wa njia. Aliyekuwa akiiendesha alikuwa anaiacha na studio haikuwa na haja nayo tena. Bei ilikuwa dola 20,000, fedha ambazo wakati ule zilikaribia kununua nyumba ya kawaida Marekani. Familia yenye watoto watatu, mmoja mwenye mahitaji makubwa, baba mchoraji asiyejua filamu inayofuata itatoka wapi. Walikopa kwa kuweka dhamana bima ya maisha ya Harold.

Nimeifikiria sana bima hiyo. Ni fedha ya siku ya msiba. Mwanamume anailipia ili akifumba macho, mke asianze kuhesabu sufuria za kuuza. Harold alikubali kuichukua fedha ya kifo chake akiwa hai, akainunulia vitabu, picha na makabati ya mafaili, si kwa ajili ya kazi yake bali kwa ajili ya kazi ya mke wake, tena kazi ambayo alikuwa ameianza bila malipo. Kwetu tunajua kuwasifu wanawake waliouza dhahabu za harusi ili mume afungue duka. Nimehudhuria misiba ya wanaume ambako jambo hilo lilitajwa kwenye wasifu wa marehemu, kama sifa ya marehemu. Hili la Harold ni nadra, na mimi naliweka juu ya shoti ya ule mguu.

Wakawa na maktaba bila nyumba ya kuiweka. Ikaanza kuhama kama mpangaji. Ilikaa kwenye jumba la Greystone huko Beverly Hills, wenyeji wakiwa Taasisi ya Filamu ya Marekani. Ikaenda kwa mwongozaji Francis Ford Coppola aliponunua studio ya Zoetrope, na Zoetrope ilipozama ikahamia Paramount, kisha DreamWorks. Kila kuhama ni maelfu ya vitabu, ni mafaili yasiyotakiwa kuchanganyika hata ukurasa. Anayehama nyumba ya vyumba viwili Mbagala kwenda Kigamboni anajua vitu vinavyopotea njiani. Lillian hakuwa na kampuni wala karani wa kutosha. Alikuwa na mume ambaye akitoka studioni anapita kumchukua, na ambaye maswali yake mwenyewe ya kazi aliyapeleka palepale kwenye dawati la mke wake.

Hapo ndipo ninapowaona kazini kwa pamoja. Harold alijua kitu kitaonekanaje kutoka pale kamera iliposimama, na Lillian alijua kitu chenyewe kilikuwaje. Ukikosa cha kwanza unapata jumba la makumbusho, ukikosa cha pili unapata uongo uliopigwa picha vizuri.

Uongo uliopigwa picha vizuri nimeshiriki kuutengeneza, kwa hiyo nausema kwa uchungu. Miaka michache iliyopita tulikuwa na tamthilia inayosimulia mwaka 1969, mwaka ambao Operesheni Vijana ilianza hapa Dar na wasichana wa vimini na mawigi wakawa wanasakwa mitaani na vijana wa TANU. Mavazi yaliyoletwa seti yalikuwa yamenakiliwa kwenye picha za Marekani za intaneti. Yalipendeza. Lakini nilipomtazama mwigizaji wetu nilimwona msichana wa kwenye gazeti la mbali, na nikashindwa kueleza kasoro iko wapi.

Nikaenda Magomeni. Najua nyumba moja yenye baraza pana ambako bibi wanakaa jioni na kahawa. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa, nikakaa mkekani. Sikuuliza kwanza. Ilipita kama nusu saa ndipo nikasema, "Bibi, eti wakati wenu vimini mlikuwa mnanunua wapi?" Wakacheka mpaka mmoja akaishika mbavu yake. Kisha mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, nani alikuwa na hela ya kununua? Tulikata magauni yetu. Fundi anakuachia pindo la ndani, pana. Nyumbani unatoka limeshushwa, baba anakuona una heshima zako. Ukifika kituo cha basi unalipandisha, unabana kwa pini." Akaingia ndani akarudi na picha ya studio, nyeusi na nyeupe, ukingo wake umekatwa mawimbi. Yeye na wenzake wawili, magoti wazi. Ukitazama vizuri kwenye pindo la yule wa kushoto, pini inang'aa.

Tulishona upya. Mwongozaji akaongeza tukio dogo: binti anasimama nyuma ya mwembe kabla ya kuingia kwao, anatoa pini moja moja, gauni linashuka. Halina neno hata moja, na ndilo lililosifiwa kuliko yote. Aliyesifiwa ni mwongozaji. Mimi safari hiyo jina langu halikupita, lakini kilichoniuma ni bibi. Nilimpelekea kilo mbili za sukari na kitenge, akanishukuru kana kwamba nimezidisha, na tamthilia ilipoanza kuonyeshwa alinipigia simu kusema, "Wameweka pini yangu!" Aliangalia majina ya mwisho akidhani labda. Nilitamani ardhi inimeze.

Lillian naye hakuweza kuyaandika majina ya bibi wa Fairfax kwenye filamu ya Jewison. Angewezaje, wakati lake mwenyewe lilikuwa bahati nasibu? Lakini aliyatunza majibu yao. Kila alichokipata kiliingia kwenye faili, na faili likamsubiri mtu wa filamu inayofuata. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya kazi yake na yangu ya miaka ile. Mimi nilipata jibu, nikalitumia, nikalisahau. Picha ya bibi niliirudisha Magomeni bila hata kuipiga nakala.

Watu wa studio hatimaye walipata njia ya kuwataja wawili hawa, na ni njia ya watu wanaochora. Mwaka 2004 DreamWorks ilipotoa filamu ya pili ya yule zimwi wa kijani, wazazi wa binti mfalme waliitwa Mfalme Harold na Malkia Lillian. Maelfu ya watoto wa Kiswahili wamewaona wakiwa hawajui. Binti yangu ameitazama filamu ile sijui mara ngapi. Nilipomwambia kwamba mfalme na malkia walikuwepo kweli, na kwamba mfalme alikuwa anachora na malkia alikuwa anatunza vitabu, aliniuliza kama walikuwa na ngome. Nikamwambia walikuwa na maboksi.

Harold alifariki mwaka 2007, baada ya karibu miaka 60 ya ndoa. Alikuwa akimchorea Lillian kadi za siku zake za kuzaliwa na za kumbukumbu ya ndoa, zenye vikatuni na mashairi ya utani, na Raim amezionyesha. Kadi zile zilitoka mkononi mwake zikaenda moja kwa moja mkononi mwa mke wake. Hazikupita kwa mkuu wa idara yoyote.

Na maboksi? Baada ya Lillian kuacha kazi, yalikaa stoo kwa miaka, na kuna wakati ilionekana hayatapata pa kwenda. Mwanzoni mwa 2021 Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni isiyotoza mtu, ilitangaza kwamba imeyapokea yote: vitabu takriban 5,000, picha takriban 30,000, makabrasha yasiyohesabika, jumla yake kama maboksi 1,600. Wakaanza kuvipiga skani vitabu. Nilivifungua kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za seti, bando la usiku. Nikapekua kurasa zilizokwanguliwa kingo na vidole vya mafundi waliotafuta milango na vikombe kabla sijazaliwa. Kitabu kilichonunuliwa kwa bima ya maisha ya mlenga mabomu wa New York kimefika Temeke, na sikulipa hata senti zaidi ya bando.

Wiki iliyofuata nilirudi Magomeni, nikaiomba tena ile picha. Nikaipiga nakala mbele na nyuma, nikaandika jina la bibi, majina ya wenzake, jina la fundi aliyeshona, na habari ya pini kama alivyonieleza mwenyewe, neno kwa neno. Nikaiweka kwenye boksi la viatu. Sasa maboksi ni manne, yako chini ya kitanda, na mume wangu amepima ukuta wa sebuleni mwenyewe, bila kuambiwa, akasema rafu ya futi sita inaingia tukihamisha kabati la vyombo.

Juzi kijana mmoja alinipigia, ameelekezwa na mtu, yuko kwenye filamu ambayo siijui. Anataka kujua kondakta wa mabasi ya UDA ya hapa Dar wa mwaka 1975 alivaa nini na mfuko wa chenji aliuvaa upande gani. Akauliza ni shilingi ngapi kupata jibu. Nilimwambia jibu sina, ila namjua mzee Buguruni aliyekuwa kondakta, tutakwenda Jumamosi baada ya alasiri, aje na daftari, na asisahau kuuliza jina la mzee linavyoandikwa.